Kazi Yangu Ilikuwa Kupokea Udongo

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa viatu vya kaka yangu, nikavuka ziwa Tshangalele kwa mtumbwi. Nilikuwa nimeandikwa huissier, yaani mtumishi wa ofisi, katika cité ya kisiwa cha Kabala, mji mdogo wenye utawala wake. Ninyi vijana wa Likasi mnacheka, lakini kisiwa kile kilikuwa cité kamili: ofisi yake, bendera yake, soko lake. Chef de cité, mkuu wa mji, mwanaume mfupi mwenye sauti kubwa, akatazama mikono yangu.

"Budongo bwako buko wapi?"

"Budongo gani, Chef?"

"Aa! Balikutuma bila kukuambia? Rudi ng'ambo, ulete beseni moja. Uku hatuna fasi ya kuzika batu."

Kabala ni jiwe tupu. Piga jembe, linalia tu. Kwa hiyo kila aliyevuka alileta beseni la udongo, awe padri, askari au muuza samaki, na mimi nilisimama kivukoni kuupokea. Kaburi letu halikuwa shimo. Jeneza liliwekwa juu ya jiwe, tukajenga kilima juu yake: udongo laini wa shamba chini, udongo mwekundu wa kichuguu juu, maana huo haubebwi haraka na mvua. Hata hivyo kila masika ilibeba kidogo, na kila kiangazi tulirudisha. Siku moja nilimrudisha mkubwa mmoja na kravati yake shingoni. Alinitukana weee! Akarudi na beseni kichwani, wanawake wakapiga vigelegele.

Chini ya Chef wa pili, aliyekuwa mwalimu zamani, mke wangu Astrida aliugua homa. Alinishika mkono.

"Baba Yosefu, usiniache juu juu. Ile mvula ninaiogopa."

Nikamwapia. Alipokufa nikamfunika vizuri, haki ya Mungu, na kila mwaka niliongeza.

Kisha Administrateur, mkuu wa wilaya, akaja mwenyewe kutuambia kwamba cité imefutwa, tumeunganishwa na kijiji kikubwa cha ng'ambo. Tukashusha bendera. Mimi nikauliza: "Na udongo, Monsieur l'Administrateur?"

Akacheka. "Budongo? Papa, ile haiko kazi ya Leta."

Serikali ikiwa imekataa hivyo, tangu siku ile hakuna aliyerudishwa kivukoni. Watu wakavuka mikono mitupu, halafu familia moja moja zikahama. Mimi nikatumwa huku Likasi, nikafungua na kufunga milango ya ofisi ya commune, utawala wa mtaa, hadi pensheni. Wakubwa wangu wa hapa walikuwa watu wema, sina neno. Lakini kazi ya milango sikuipenda hata siku moja.

Baada ya masika iliyopita nilivuka tena. Upande wa miguu ya Astrida mbao za jeneza zilikuwa nje. Nililia mbele ya wavuvi, bila haya.

Basi sasa nachimba nyuma ya nyumba yangu. Kila mama anayekwenda ziwani kununua samaki, nampa gunia la udongo. Wengine wanalifikisha kaburini, wengine sijui. Magoti yangu hayawezi tena mtumbwi. Majirani wanachungulia juu ya ukuta, maana katika mji huu anayechimba uwanja wake anatafuta madini ya kobalti. "Muzee, umepata?" Waache waulize.

Jumapili, baada ya misa, mwanangu Yosefu alisimama kando ya lile shimo. Anafanya kazi kiwandani, na hajui kunidanganya.

"Papa, hili shimo sasa linatosha mutu. Utaanguka humu."

"Miye musinizike humu. Munipeleke kwa mama yenu."

"Na budongo, papa? Ya mama yenyewe haifike. Ya kwako, nani atabeba?"

Nilimtazama, nikangoja aseme ni yeye. Akavua koti lake la misa, akachukua jembe langu, akaanza kulifukia shimo.