Siku Niliyowateka Wanangu Jikoni

Bora niwasimulie mwenyewe, maana hapa mtaani kwetu Kinyinya mkasa wangu umeshatiwa chumvi hadi kuna mtu anaapa kwamba nilikutwa na panga mkononi. Halikuwa panga. Kilikuwa kisu cha kukatia vitunguu, na nilikuwa nimevaa aproni ya mke wangu, ile ya maua, jambo ambalo kwangu lilikuwa baya kuliko panga.

Mnanijua nilivyo. Nikitaka kukijua kitu hujifundisha mwenyewe, polepole na kwa utaratibu. Ndivyo nilivyojifunza kutengeneza pasi, kupandikiza miparachichi, na ukubwani kabisa, kupika. Basi Jumamosi ile mke wangu, Mama Keza, alikwenda Niboye kumchukua mama yake aje kula nasi jioni, nami nikatangaza kwamba mboga watapika watoto, Keza na mdogo wake Ganza. Dodo tu, huu mchicha wetu, wa kuchuma hapo hapo bustanini. Mama mkwe si msemaji, lakini kila akija huniuliza kwa upole kama wajukuu wake wamejifunza kazi nyingine ya jikoni zaidi ya kufungua friji, na siku hiyo nilitaka nipate la kumjibu.

Nikaweka masharti mawili. Kwanza, jikoni ni Kiswahili kitupu, kwa sababu mimi nimekulia Mwanza na inaniuma kusikia wanangu wakikichanganya na Kinyarwanda na kumwaga "iko" kila mahali. Pili, mlango ufungwe kwa komeo, maana jiko letu liko uani, jirani wanajenga ghorofa, na Ganza akisikia mashine ya kuchanganya zege huacha hata chakula mdomoni akakimbilia kutazama. (Dirisha nililiacha wazi. Kumbukeni hilo dirisha.)

Tukaanza vizuri kabisa. Tukachambua majani, tukayaosha na kuyarudia mpaka mchanga ukaisha kwenye beseni, tukayakata. Hapo ndipo likanijia wazo dogo, zuri, la kielimu: nikampa Keza simu yangu nikamwambia, "Mtumie shangazi yako ujumbe wa sauti, umweleze kwa Kiswahili tunachofanya." Shangazi mwenyewe ni dada yangu aliyeolewa Mwanza akabaki huko, na Kinyarwanda chake sasa ni cha salamu tu. Keza akasogea pembeni akazungumza. Sikumsikiliza, kwa kuwa nilikuwa namwonyesha Ganza namna ya kukunja vidole asijikate, na kitunguu kilikuwa kinatuchoma macho sote. Alipomaliza nikazima mlio wa simu, nikaiweka juu ya kabati, maana mwalimu hafundishi huku simu inalia. Mnaona? Kila hatua ilikuwa ya busara.

Sufuria ikapata moto, kitunguu cha kwanza kikaingia, nyanya zikafuata, tukatia dodo. Nikataka Ganza akate kitunguu cha pili kwa mazoezi, naye akaanza kulia.

"Baba, macho inauma! Nataka kutoka!"

"Hatoki mtu hapa mpaka kazi iishe!" nikasema kwa nguvu, nikishindana na mashine ya zege. "Lete hicho kisu!"

Na ile mashine, katika siku nzima, ikachagua kuzimwa papo hapo, maneno yangu yakatoka yote kupitia lile dirisha.

Mlango ukagongwa. "Baba Keza!" Ilikuwa sauti ya Mama Aline, kiongozi wa nyumba zetu hizi chache. "Baba Keza, weka kisu chini, halafu ufungue polepole."

"Tunakata kitunguu!"

"Sawa, kitunguu. Weka chini."

Nikafungua. Mama Aline alikuwa mbele, nyuma yake majirani, na nyuma ya majirani mafundi wa ile ghorofa, mmoja na sepetu, mwingine na sururu. Wakaitazama aproni.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Sisi ndiyo tunakuuliza wewe," akasema, akabonyeza simu yake. Ikatoka sauti ya mwanangu, nyembamba, yenye mafua ya kitunguu: "Shangazi, jambo. Baba anatuteka... anatutekesha jikoni. Mama haiko. Mlango amefunga. Ganza macho iko nyekundu. Tutateka mpaka bibi akuje. Kwaheri, shangazi."

Kwa Kinyarwanda, *guteka* ni kupika, na *gutekesha* ni kumfanya mtu apike. Kwa Kiswahili cha Mwanza unateka maji, lakini ukiteka mtoto, hiyo ni habari ya polisi. Dada yangu alikuwa amenipigia mpaka akachoka, simu ikimetameta peke yake juu ya kabati, akampigia mke wangu na kumrushia ule ujumbe, na mke wangu akampigia Mama Aline akamrushia naye.

Fundi wa sepetu ndiye aliyeelewa kwanza. "Kumbe ni dodo! Mzee ameteka dodo!" Wakacheka hadi mwenye sururu akaegemea ukuta.

Ningevumilia, lakini pikipiki mbili zikaingia getini. Ya kwanza ilimleta mke wangu. Ya pili ilimleta mama mkwe, ambaye tangu nimjue hajawahi kupanda pikipiki, kitenge kimekwenda upande, helmeti imemfunika macho. Na mimi hapo, na maua yangu.

"Simu yako iko wapi?" mke wangu akauliza.

"Kabatini. Juu."

Akachungulia jikoni kupitia begani kwangu. Hapo ndipo nilipokumbuka sufuria. "Dodo inaungua!"

"Nimeipua zamani, Baba," Keza akajibu kutoka ndani. "Si ulisema dodo haingojei mtu?"

Watu wazima walipokuwa wakipigizana kelele mlangoni, yeye alikuwa amezima gesi, akatia chumvi, akafunika. Mama mkwe akavua helmeti, akaingia, akaomba kijiko, akaonja amesimama. Sote tukangoja, hata mafundi. Akaonja tena.

"Mkwe wangu," akasema kwa Kiswahili chake alichojifunzia Bujumbura, bila kutabasamu hata kidogo, "hawa watoto wametekwa vizuri."

Jibu nililolitafuta nikawa nimelipata, ingawa mbele ya sururu. Kila aliyekuja kuwaokoa wanangu akaonja kijiko chake, na jioni tukala wali bila mboga.

Mafundi hadi leo huniamkia "Mtekaji, amakuru?", yaani habari zako, nami huitikia. Nimeapa kwamba ujumbe hautoki nyumbani kwangu kabla sijausikiliza, na komeo la jiko nimeling'oa. Jumamosi iliyopita Keza alimtumia shangazi yake ujumbe mwingine: "Leo tunapika. Tunapika, shangazi, kwa herufi P." Jibu likarudi hapo hapo: "Nitumieni picha ya mlango."

Nikaupiga picha. Ulikuwa wazi kabisa. Ganza hayumo pichani. Alikuwa ameshakwenda kutazama zege.