Mafaili Yaliyozaliwa Kabla ya Kompyuta

Pale chuoni walimwita Bwana Tarehe, naye alidhani wanamsifu. Alikuwa karani wa masijala kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote alijifunza jambo moja tu: cheti kikiletwa, usihangaike na jina wala alama, soma tarehe. Cheti kilichosainiwa Jumapili ni cha kughushi. Cheti chenye mhuri wa ofisi iliyokuwa bado haijafunguliwa ni cha kughushi. Kwa ujanja huo alikamata matapeli wawili watatu miaka ya mwanzo, akapigiwa makofi kwenye kikao cha wafanyakazi, na tangu siku hiyo makofi hayajamtoka masikioni.

Kompyuta alizijulia ukubwani, tena alizijua vibaya. Kibodi alikifunika kwa kitambaa cha meza kila jioni, na alikibonyeza kwa kidole kimoja kama anayepima pasi imepata moto au bado. Lakini mdomoni alikuwa mhandisi.

Fundi wa mashine zote za chuo alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa. Kazi aliipata kwa mtihani na usaili, ila mjomba alimwambia kila aliyetaka kusikia, na wengi wasiotaka, kwamba yeye ndiye aliyemshika mkono. Fundi alimwacha aseme. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, bisibisi haitoki mfukoni, mama wa watoto wawili anaowalea peke yake. Mkataba wake ulikuwa wa majaribio, miezi sita, na mitano ilikuwa imeshapita. Bado mwezi mmoja tu aajiriwe moja kwa moja.

Ndipo kompyuta ya masijala ikagoma kuwaka. Fundi aliifungua, akanusuru kumbukumbu zote, akafuta diski, akaweka mfumo wa uendeshaji upya, akamkabidhi mjomba mashine safi.

"Tayari, mjomba. Ikisumbua nipigie."

Haikusumbua, na hilo ndilo lililomkosesha mjomba raha. Ilibaki miezi minne astaafu. Alikuwa ameshamwandikia mkuu wa chuo barua mbili za kuomba aongezewe muda, zote kimya. Mtu wa kusubiri majibu ana nafasi kubwa ya kuchokonoa, naye alichokonoa humo kwenye mashine mpaka akaangukia orodha ya draiva, yale mafaili madogo yanayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa, spika na mtandao. Majina yake hayasomeki, herufi na namba zimeshonana. Mtu mwingine angefunga akaenda kunywa chai. Yeye alitazama safu ya tarehe, moyo ukamruka kwa furaha.

Karibu draiva zote zilikuwa na tarehe moja, siku moja, mwezi mmoja, mwaka mmoja. Na mwaka wenyewe ulitangulia kutengenezwa kwa ile kompyuta kwa miaka kumi na miwili.

Alichapisha orodha nzima, kurasa kumi na moja, akaipigia mistari kwa wino mwekundu na kuandika juu: "Mafaili haya yamezaliwa kabla ya kompyuta. Yamepandikizwa." Ofisi ya mpwa wake ilikuwa ng'ambo ya ua, hatua arobaini kwa miguu ya mzee, mlango wazi. Hakwenda huko. Alipanda ngazi hadi kwa mkuu.

Aliporudi akazidisha. Alianza kuyafuta yale mafaili, moja baada ya jingine, kwa kile kidole chake. Printa ikazira. Sauti ikakata. Mtandao ukapotea. Mwenye akili zake angeshtuka akatoa mkono. Yeye aliita wenzake waje waone.

"Mnaona? Nimewagusa pabaya, wamekata mawasiliano."

Hao waliokata ni akina nani, hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Pale chuoni mtu akiongea kwa sauti nzito huku ameshika karatasi, wote hutikisa vichwa.

Kufikia adhuhuri fundi alikuwa na barua ya kusimamishwa kazi kwa tuhuma ya kupandikiza mafaili, na funguo zake zimechukuliwa. Waliokuwa wakimwita "fundi wetu" walipishana naye kwenye korido wakikagua viatu vyao. Kisha mama yake akampigia simu.

"Mwanangu, mjomba wako hawezi kukusingizia. Kama umekosea, kaombe radhi yaishe."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko barua. Alikaa kwenye ngazi za nyuma akalia kwa hasira. Ajira yake yote ilikuwa inaponzwa na mtu ambaye mpaka leo huzima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani.

Siku ya tatu waliitwa kwa mkuu, mama wa makamo mwenye uchovu wa kudumu. Bwana Tarehe aliweka kurasa zake mezani, akaketi kifua mbele.

"Fundi, nieleze," alisema mkuu. "Faili linawezaje kuizidi mashine umri?"

"Wanaotengeneza mfumo wameamua hivyo makusudi, mkuu. Draiva zinazokuja na mfumo hupewa tarehe ya zamani sana. Mtengeneza printa akileta draiva yake, hata iwe ya miaka mingi, itaonekana mpya kuliko hizo na ndiyo itakayotumika. Tarehe ile haisemi faili lilizaliwa lini. Inasema likae nyuma ya foleni."

Bwana Tarehe alicheka puani. "Tarehe ni tarehe. Nimeanza kuzisoma hujaota meno."

Fundi alionyesha boksi lililokuwa pembeni ya kabati. "Mkuu, ile kompyuta mpakato mpya nani ameigusa?"

"Hakuna. Imeletwa jana."

"Naomba mjomba aifungue mwenyewe. Mimi nitakaa hapa hapa."

Mjomba alichana utepe wa boksi, akaiwasha, akahema. Fundi alimwelekeza akiwa kitini pake: bonyeza hapa, sasa hapa, teremka kidogo. Orodha ikafunguka. Siku ile ile, mwezi ule ule, mwaka ule ule, kutoka juu mpaka chini.

Mkuu alivua miwani. "Bwana karani, na hii nayo kaipandikizia ikiwa ndani ya boksi?"

Mkuu alichana barua ya kusimamisha kazi, akamrudishia fundi funguo, akamwambia ajira yake iko palepale, kisha akatoka kwenda kwenye kikao kingine. Wakabaki wawili.

"Mjomba, mimi ni mtoto wa dada yako. Kwa nini hukuja kuniuliza?"

Alikuwa akizipanga kurasa zake, ncha kwa ncha. "Ningekuuliza, ungenieleza."

"Ndiyo."

"Na ningeridhika."

"Ndiyo, mjomba."

"Sasa mkuu ningempelekea nini? Barua ya tatu?"

Aliuliza kwa dhati, bila haya wala soni, kama mtu anayeomba ushauri. Fundi alichukua funguo zake akatoka.