Hadhira Kutoka Lukozi

Watu wakisikia nina digrii ya kufundisha muziki, hucheka kwanza halafu ndipo huuliza. "Yaani ulikaa chuo kikuu miaka yote ile unajifunza kuimba?" Wengine huongeza kwamba kuimba hata kasuku anaimba. Mimi nina mdomo, na hasira zangu ziko karibu, kwa hiyo mtu wa namna hiyo namkalisha chini namweleza mpaka chai yake ipoe.

Namweleza kwamba kuingia tu si mchezo. Lazima uwe umefaulu kidato cha sita kama mwanafunzi mwingine yeyote, halafu usimame mbele ya walimu upige chombo chako, uimbe wanachokupigia, na wakikugongea mdundo mezani uurudishe vilevile. Ukishaingia, hata kama chombo chako ni tarumbeta kama changu, piano lazima uijue, maana utawapigiaje wanafunzi sauti zao? Wengi wetu tulikuja na solfa ya kwaya kichwani, do re mi, tukakuta nota za mistari mitano zinatusubiri. Wiki ya kwanza nilizitazama zile nukta nikaona mbegu za kabichi zilizomwagika kwenye matuta. Kuna mtihani wa sikio, unafumba macho unaambiwa useme sauti hii na ile zimeachana kiasi gani. Kuna kwaya kila muhula, upende usipende. Bado saikolojia ya mtoto, mitaala na upimaji, masomo yote ya ualimu ambayo wenzetu wa hisabati nao wanasoma. Bado mazoezi ya kufundisha. Na ukivuka yote hayo kuna onesho la mwisho, ambalo sisi tuliliita risaito: unasimama jukwaani na chombo chako mbele ya jopo la watahini, na usipofaulu hapo joho utaliona kwa wenzako.

Hapo kwenye risaito ndipo nilipokwama.

Si kwamba tarumbeta ilinishinda. Nilianza kuipuliza sekondari, mjini Lushoto. Mwalimu wa bendi ya shule alitupanga mstari akawa anampa kila mmoja ajaribu. Wenzangu walitoa pumzi tupu. Mimi nikatoa sauti iliyowafanya wasichana wa bwenini wachungulie madirishani. Mwalimu akauliza kifua hicho nimekitoa wapi. Nilikitoa kijijini kwetu Lukozi. Nyumba yetu iko upande huu wa bonde na shamba liko upande wa pili, na mama yangu si mtu wa kushuka na kupanda mlima ili amwambie mtu chakula kiko tayari. Alikuwa anasimama ukingoni anaita, sisi tunaitika kutoka ng'ambo, na ole wako asikusikie. Baadaye majirani walipoanza kunong'ona kwamba binti wa Kiislamu na tarumbeta wapi na wapi, hayo mambo ni ya makanisani, mama aliwauliza kama pumzi nayo ina dini. Wakaacha.

Wala kufundisha hakukunishinda. Mazoezi nilifanyia Mnazi, huko chini kwenye joto, shule isiyo na hata filimbi, watoto wamejaa mpaka mlangoni. Nilikuwa naita kwa sauti yangu, wanaitika. Naita kwa makofi, wanarudisha. Mpaka siku mhadhiri alipokuja kunikagua akajikuta naye anapiga makofi nyuma ya darasa huku karatasi zake zinadondoka. Maksi alizonipa pale ninazo moyoni mpaka leo. Darasani nilikuwa simba. Jukwaani, mbele ya watu wazima wenye kalamu, nilikuwa kuku aliyenyeshewa.

Kwa sababu hiyo, risaito yangu ya kwanza sikumwambia mtu. Niliona aibu ni afadhali ikiwa ndogo. Ukumbini kulikuwa na watahini watatu, na mwenzangu mmoja wa darasa aliyekuwa akinisindikiza kwa piano, kijana mpole, mtoto wa mchungaji. Viti vingine vyote vitupu. Nikapiga vipande vyangu huku nikiangalia vidole vya miguu yangu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sikukosea nota hata moja. Siku ya majibu, mwalimu wangu wa tarumbeta akaniita ofisini. Alikuwa mzee wa Tanga mjini, anayezungumza taratibu hata akikupa habari mbaya.

"Nota zote sahihi," akasema. "Mapigo sahihi. Lakini watahini wanasema mtahiniwa hawasiliani na hadhira. Utarudia."

"Hadhira ipi, mwalimu? Viti?" Nilipandisha, siwezi kusema uongo. "Niwasiliane na viti?"

"Kanuni inasema onesho la hadhara," akanijibu bila kupandisha. "Kuleta watu ni sehemu ya kazi yako. Mwalimu wa muziki asiyeweza kukusanya watu atakusanya nini? Na ujue, kurudia ni mara moja tu. Ukikosa hapo, digrii hakuna."

Nikarudi nyumbani nimenuna. Nilimkuta mama kijitoni na wanawake wenzake, wanaosha karoti za kupeleka sokoni, miguu majini, sketi zimekunjwa magotini. Hao ndio wanawake waliolima pamoja tangu sijazaliwa. Leo shamba la huyu, kesho la yule. Nikawaamkia wote, shikamooni, wakaitikia, halafu mama akaniuliza kwa Kishambaa mtihani umekwendaje. Nikamwambia nimefeli.

"Ulipiga vibaya?"

"Nilipiga vizuri."

"Sasa?"

"Wanasema siongei na watu ninapopiga."

Akasugua karoti moja, akaitazama. "Alikuwepo nani?"

"Watahini watatu na mpiga piano."

"Na nani mwingine?"

"Basi."

Mama akaitupa ile karoti kwenye beseni, maji yakaruka. "Watu wanne! Mwanangu, hata kuvunja tuta moja la viazi tunaitana, wewe unakwenda kufanyiwa mtihani wa ngoma na watu wanne? Wangekufaulisha ningewashangaa." Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akasema mtoto huyu elimu imemzidi. Nilitamani kulia, nikajikuta nacheka nao.

Kesho yake asubuhi, ukungu haujaondoka, nikamsikia yuko ukingoni anaita. Anaita ng'ambo, ng'ambo inaitika, kisha sauti nyingine mbali zaidi inaitika. Nilipotoka nje nikiwa na mswaki mdomoni, habari zilikuwa zimeshavuka mabonde. Alikuwa ameialika Lukozi nzima kwenye risaito yangu.

Jamani, nilichachamaa. Nikamwambia kule kuna taratibu zake. Huingii mtu akishaanza kupiga. Hupigi makofi mpaka kipande kiishe, na kipande kina sehemu sehemu, unaweza ukadhani kimeisha kumbe bado. Simu zizimwe. Vigelegele hakuna kabisa.

"Kumbe ni msiba?" mama akauliza. Akafikiri kidogo. "Hata msibani watu wanalia. Haya, tutakaa kimya kama watu wa benki. Nakuahidi."

Wakaja. Siku ya kurudia walishuka hadi chuoni na fuso ya mboga, wamekaa juu ya magunia ya kabichi, wamevaa kanga za sherehe. Nilikuwa nachungulia nyuma ya pazia na tarumbeta imelowa jasho la mikono. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mtahini kutoka chuo kingine, mama wa makamo mwenye miwani, ambaye wanafunzi walisema hacheki hata akitekenywa. Wanawake wa Lukozi hawakwenda kwenye viti. Walipanga foleni mbele ya meza yake wakasimama wakisubiri, maana wao ndio wakubwa na yeye ndiye mdogo. Mwishowe yule mama akavua miwani, akainuka, akasema, "Shikamooni, mama zangu." Wakaitikia marahaba kwa pamoja, sauti tatu zilizopangana vizuri kuliko kwaya yetu ya muhula wa kwanza. Ndipo wakakaa.

Nilianza na sonata ya Wazungu. Mama na wenzake wakawa watu wa benki kweli. Hakuna aliyekohoa. Sehemu ya kwanza ilipoisha nikasubiri nisikie makofi yaniharibie, hayakuja. Na mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu. Kipande cha pili hivyo hivyo. Nilimwona mwalimu wangu pembeni ameshika kidevu, na nikajua anachofikiria, kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiria. Nilikuwa narudia kufeli vilevile, safari hii mbele ya mama yangu.

Kipande cha tatu kanuni inataka uwe umekipanga mwenyewe kutoka muziki wa kwenu. Mimi nilichukua wimbo wa kulima ambao mama huuanzisha shambani. Mmoja anaita, jembe linapanda; wengine wanajibu, jembe linashuka. Mwito nilikuwa nimeupa tarumbeta, na jibu nimelipa piano, limeandikwa safi kabisa, nakala iko kwenye meza ya watahini. Nikapiga mwito wa kwanza. Piano ikajibu. Nikasikia viti vinalia kwenye safu ya akina mama, nikainua macho.

Walikuwa wanateseka, maskini. Wimbo wao unaitwa na wao wameambiwa wanyamaze. Mmoja goti linamcheza, amelishika kwa mikono yote miwili. Mmoja ameinamisha kichwa. Mama yangu alikuwa amejiziba mdomo na pindo la kanga, machozi yanamtiririka, lakini ahadi ameishika. Piano ikajibu mara ya pili, vizuri sana, na mimi nikaona kwamba kitu hiki siyo. Si wimbo wetu huu.

Nikamgeukia mpiga piano nikatikisa kichwa. Alikodoa macho, maana kuacha kuifuata karatasi iliyowasilishwa ni kujitafutia balaa. Nikatikisa tena. Akaondoa mikono. Nikawageukia wanawake wa Lukozi, nikasogea mpaka ukingo wa jukwaa, nikapiga mwito, nikasubiri jibu.

Mtahini mwenye miwani akainua kalamu. Nikahesabu mapigo moyoni, jibu lote likapita bila sauti. Mama akanitazama juu ya pindo la kanga na kutikisa kichwa kidogo, kama anayesema usijiharibie, mwanangu, sisi tumeahidi. Hapo nikawasha moto. Nikavuta pumzi mpaka tumboni na kupiga ule mwito kama anavyoupiga yeye ukingoni asubuhi, kumwita mtu aliye ng'ambo, mtu ambaye asipoitika ole wake.

Mama akashusha kanga, akaitika.

Akaitika na wote wakaitika. Niliita, wakajibu. Niliita juu zaidi, wakajibu juu zaidi. Wakasimama, mikono mitupu ikawa inapanda na kushuka na majembe yasiyoonekana, sakafu ya mbao inatetemeka. Mimi nilikuwa naongea na kila mmoja wao kwa jicho, na mtoto wa mchungaji kule kwenye piano anapiga makofi. Kwenye nota ya mwisho, ile ndefu, mama alipanda jukwaani, akavua kanga yake ya juu na kunituza, akaniwekea begani taratibu ili isiguse tarumbeta. Nota sikuikata. Niliishikilia mpaka mwisho wake. Vigelegele vilivyofuata nadhani walivisikia mpaka kule mwamba wa Irente.

Mtahini mwenye miwani akasubiri mpaka watu wakae. "Mtahiniwa," akasema, "kwenye karatasi uliyotuletea majibu ni ya piano. Umeyaondoa katikati ya mtihani. Kwa nini?"

Mwalimu wangu aliniangalia kwa jicho la kuniomba nijibu kwa adabu. Nilijitahidi.

"Samahani, mama," nikasema. "Piano haijawahi kushika jembe."

Aliandika kwa muda mrefu. Kisha tukaambiwa tutoke tukasubiri nje. Tulikaa kwenye majani, akina mama wakagawana mahindi ya kuchemsha, mimi sikuweza kumeza hata punje. Mwalimu wangu alipotoka alikuwa anatembea taratibu kama kawaida yake, huwezi kujua kitu. Akafika, akawaamkia tena wakubwa wote, ndipo akanipa mkono. "Umefaulu. Na kipande cha tatu wamekipa maksi kuliko vyote."

Mama akamwambia mwalimu, "Hongea, hongea," anamshukuru kwa lugha yetu huku anamtikisa mkono utadhani atauondoa. Halafu akauliza kwa wasiwasi kabisa, "Na sisi? Sisi wametupa ngapi?"

Siku hizi nafundisha muziki sekondari hapa hapa wilayani. Joho nilivaa, picha iko sebuleni kwa mama, na ile kanga ninayo. Wageni wakiiona picha wakauliza mtoto huyu alisomea nini, mama hawaachi waanze kucheka. Anawaambia ni digrii ya kufundisha muziki, na kwamba mtihani wake wa mwisho waliufanya pamoja, yeye na wenzake, tena ulikuwa mgumu mpaka ukarudiwa. Wakishangaa, wakauliza ilikuwaje mtoto akafeli mara ya kwanza, huinua kidevu kidogo kwa fahari.

"Sisi tulikuwa tayari tangu mwanzo," huwajibu. "Yeye ndiye aliyechelewa kutuita."