Sukari ya Mama Shabani na Somo la Uhasibu

Nakumbuka siku moja majirani walikuja nyumbani kwetu hapa mtaa wa Nyakabiga kutupa pole ya msiba, na hakuna aliyekuwa amekufa. Ilikuwa ni mimi tu, nimepangiwa uhasibu.

Mwanangu Saida, mimi bibi yako nianze mwanzo ili unielewe, maana tangu majibu yako yatoke ukapangiwa usichokitaka, umejifungia chumbani na chai yako inapoa mlangoni. Zamani ilikuwa kama sasa: mtoto anafanya mtihani wa taifa, anaandika sehemu anayoitaka, yaani fani ya masomo, kisha anangoja wakubwa waamue. Mimi niliandika uuguzi. Nilikuwa nimekwisha kushona kofia nyeupe kwa kipande cha shuka, na nilimfunga bandeji kila paka wa mtaa aliyekubali kukamatwa. (Mmoja hakukubali. Alama yake ninayo mkononi mpaka leo.) Majibu yalipobandikwa ukutani pa shule, jina langu lilikuwa upande wa uhasibu. Nilitembea hadi nyumbani, nikajitupa uani, nikalia kwa sauti ile ambayo kwetu hulia nayo mtu aliyefiwa.

Nawe unajua, hapa mtaani ukiisikia sauti ile huulizi kwanza. Unachukua kilichopo ndani, unajifunga kitenge, unakwenda. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Shabani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mimba yake kubwa mbele na kilo ya sukari mkononi.

"Nani amekufa? Ni muzee?"

"Apana, Mama Shabani," mama akasema kwa aibu. "Hakuna mutu amekufa. Ni huyu mutoto, wamemutia mu kontabilite."

Mama Shabani akanitazama pale chini, akanigusa paji la uso.

"Maskini. Na hiyo inaumaka wapi?"

Wanawake waliokuwa wakiingia nyuma yake walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi nikazidi kulia. Mama akamrudishia sukari, naye akaikataa kama mtu aliyepewa kaa la moto.

"Apana! Nimeitoa kwa sababu ya kilio. Nikirudi nayo ku nyumba, unataka kilio kinifuate? Na hii tumbo?"

Mama naye hakuthubutu kuitia katika chai yetu, maana hatukuwa na msiba. Basi ile sukari ikakaa juu ya kabati, si yetu, si yake.

Shule ilifunguliwa. Nilikwenda kwa sababu baba alinipeleka mwenyewe hadi getini na akangoja nje mpaka kengele ikapigwa. Nilikaa dawati la nyuma, mikono nimeikunja kifuani. Mwalimu wetu wa uhasibu alitoka mji wa Uvira, mtu mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Aliandika kwa Kifaransa ubaoni, kisha, akiona nyuso zetu zimeganda, aligeukia Kiswahili.

"Kila kitu kinachoingia kimetoka mahali fulani," alisema. "Kwa hiyo tunakiandika pande mbili. Niambieni kitu kilichoingia kwenu karibuni. Wewe wa nyuma, unayeangalia dirisha."

Nikajibu ili aniache: "Sukari."

"Imetoka wapi?"

Ndipo ikabidi niseme yote. Darasa zima likaangua kicheko, na kijana mmoja wa mtaa wa Kibenga akaanza kunililia kwa sauti ya matanga. Mwalimu alimtazama tu, naye akanyamaza. Kisha mwalimu akachora mstari ubaoni. Upande mmoja akaandika sukari. Upande wa pili akauacha mtupu.

"Hapa tuandike nini?"

"Zawadi!" mmoja akasema.

"Si zawadi," nikasema. "Alifikiri tumefiwa."

"Basi ni deni. Murudishe!"

"Hataki."

Nikashangaa kujiona nimesimama. Lile swali lilikuwa langu sasa, nilitaka jibu lake. Mwalimu akatabasamu, akasema ipo akaunti ya mambo ya namna hiyo. Ina jina refu la Kifaransa. Sisi tuliiita akaunti ya kungojea. Kitu ambacho bado hujajua mahali pake unakiweka humo. Hukitupi, na hukiandiki uongo ili ukurasa upendeze. Unaendelea kukitafutia mahali, kwa sababu kabla ya mwaka kufungwa lazima kitoke humo.

Kengele ikapigwa. Nilipokuwa napita mlangoni aliniita kando.

"Binti, umejiandika hasara na mwaka haujaanza hata kidogo. Nani alikuruhusu? Jiweke mu kungojea kwanza. Lakini we ukiwa mule, fanya kazi."

Hilo ndilo lililokuwa karipio lake, mwanangu. Alilisema kwa upole hata nikasahau kulia.

Mvua zilipoanza, Mama Shabani akajifungua mtoto wa kike. Mama akaishusha ile sukari kabatini, akapika uji mzito, akaitia, nami nikaubeba. "Sasa ni uji wa mzazi," mama alisema. "Akatae tuone." Hakukataa. Alikunywa, akaomba tena. Kesho yake nilinyoosha mkono darasani kabla ya mwalimu kukaa, nikamwambia ule upande mtupu nimeupata: sukari imemrudia mwenyewe, ndani ya uji wa mzazi.

Sitakudanganya kwamba nilisahau uuguzi. Nilifanya uhasibu maisha yangu yote, sehemu kubwa katika zahanati moja ndogo, na nilipowaona wauguzi wamevaa nyeupe, siku nyingine moyo uliniuma. Siku nyingine ni mimi niliyeona mapema katika hesabu zangu kwamba dawa ya malaria inakaribia kwisha, nikapiga kelele mpaka ikaagizwa, na moyo haukuuma.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, Saida. Huzuni yako ni ya kweli, usiifiche. Lakini usijihukumu kwa karatasi uliyoisoma wiki hii. Nenda ukakae darasani, uulize maswali, uwaache wacheke. Mwaka ukiisha na bado huoni mahali pako humo, njoo tukae mimi nawe na mama yako, tutafute njia nyingine bila kelele. Sitakulazimisha. Nataka tu uamue ukiwa umeiona hiyo sehemu uliyopangiwa.

Mwenyezi Mungu akupe subira isiyo ya uvivu, akuwekee walimu wapole njiani, na majirani watakaokuja mbio kila utakapolia, hata ukilia bure.

Kitambaa cha sare yako, alichokinunua mama yako kwa biashara yake ya kule Gatumba mpakani, bado kimekunjwa juu ya kiti. Asubuhi hii fundi amepita tena kuuliza kama aje kukupima au asije. Nimemwambia angoje.