Daftari la Kasuku na Kola ya Nesi

Nyumbani walimwita Kasuku, na jina lenyewe alijitakia. Tangu akiwa mdogo, tangazo lolote likipita redioni, iwe la sabuni, la rangi ya nyumba au la dawa ya minyoo, alilirudia neno kwa neno, na madaha ya mtangazaji juu yake. Sasa ni binti wa miaka ishirini, mwaka wa pili chuoni, anakaa kwa mjomba wake fundi cherehani, na bado ukimkuta anaosha vyombo utamsikia anauza dawa ya minyoo.

Mtu wa namna hiyo ukimpa kazi ya kueleza vyombo vya habari vinavyomwingia maishani, si umempa ulaji? Ndivyo ungedhani. Mwalimu wa somo hilo, mama mfupi asiyecheka ovyo, aliwaagiza wanafunzi waandike daftari la siku saba: umesikia nini, umeona nini, umesoma nini, na kimekufanya nini. Kasuku akaona haya. Wenzake wana kompyuta, na televisheni pana kama mlango. Yeye ana redio ya mjomba na simu yenye ufa. Basi akatunga. Akaandika kwamba asubuhi huamka na habari za uchumi wa dunia, mchana husoma tahariri, na jioni hutazama filamu za maisha ya simba. Simba! Mtoto anayemkimbia kuku!

Ijumaa mwalimu alimrudishia daftari bila alama hata moja.

"Hili ni daftari la balozi," alisema. "Wewe uko wapi humu ndani?"

Kasuku akalifunga daftari na kulikumbatia.

"Nakupa wiki moja. Ijumaa ijayo utasoma mbele ya wenzako. Ukiniletea balozi tena, nakufelisha."

Na chuo kile hakina mchezo: ukifeli somo moja, mwaka wa tatu huingii, unarudi kukaa na wanaoanza. Kasuku alirudi nyumbani hajui angemwambiaje mjomba, ambaye ndiye baba na mama yake tangu mama yake alipofariki.

Akaamua liwalo na liwe, ataandika kweli tupu.

Kweli ilianzia chumba cha mbele, kwenye karakana. Cherehani ya mjomba na redio yake vimechomekwa ukutani mahali pamoja, na havipatani. Mjomba akikanyaga pedali, redio inakoroma. Akiachia, redio inazungumza. Kwa hiyo ikifika saa saba mchana, saa ya taarifa ya habari, mguu unanyanyuka na hakuna kushona. Wateja wote wanajua. Hata kama suruali yako imebaki mguu mmoja, utakaa kwenye benchi usikilize mambo ya dunia mpaka yaishe.

Na mkaza mjomba, ambaye Kasuku humwita mama, huwa amekaa mlangoni akitia vifungo. Mtangazaji akisema, "Hujambo mpenzi msikilizaji," yeye hujibu, "Sijambo, sijui wewe." Mume wake akimnyamazisha, hung'aka, "Nimesalimiwa nisiitikie? Mimi sikulelewa hivyo!" Kasuku aliyaandika hayo huku akicheka peke yake.

Jumanne hakucheka. Siku hiyo alikaa na simu akitazama picha za wasichana wa darasa lake, huyu kwenye bustani, yule kwenye gari la nani sijui, wote meno meupe na ngozi haina hata chunusi. Akaandika hilo nalo, ukurasa mzima, kwa mkono mzito. Akaufunga haraka asiusome.

Jumatano likaja la kuja. Mjomba hana karatasi maalumu za ufundi. Akitaka kukata nguo, kwanza huchora kipande kwenye gazeti kuukuu, akakikata, akakilaza juu ya kitambaa na kufuata ukingo wake. Meza yake imejaa mikono ya habari za michezo na mifuko ya matangazo ya vifo. Hotuba ya mheshimiwa utaisoma inaanzia begani, na akifika penye ahadi, inaishia kwapani. Asubuhi hiyo Kasuku, akipiga mswaki, aliona kipande kilichopinda vizuri chenye kona ya unajimu. Akatafuta nyota yake. "Leo vaa zambarau. Usivuke barabara kuu. Mtu mrefu atakuletea habari njema."

Akavaa zambarau. Akazunguka nyuma ya soko, mwendo wa nusu saa, ili asivuke barabara kuu. Kila mwanamume mrefu aliyekutana naye alimwamkia kwa heshima na kusubiri kidogo. Mmoja akamuuliza kama anamfahamu. Jioni, amechoka, miguu inamwaka, ndipo akasoma tarehe pembeni: gazeti lilikuwa na umri wa miaka minne! Nyota yenyewe imekwisha kuzimika, yeye ndiyo kwanza anaifuata. Alicheka mpaka akakaa chini. Akachukua gundi akabandika ushahidi kwenye daftari. Meza ile ina vipande mia, nani angejua kipi takataka na kipi roho ya mtu?

Ijumaa saa tatu asubuhi alisimama mbele ya wenzake arobaini. Sauti ilitoka nyembamba. Alipofika kwenye suruali iliyobaki mguu mmoja, mtu nyuma akacheka. Kwa mkaza mjomba na salamu zake, wakacheka wote. Alipofika kwenye zambarau na wanaume warefu, kulikuwa na waliolala juu ya meza wanafuta machozi. Mwalimu peke yake hakucheka, ila kalamu yake haikuandika. Kasuku, moyo umeshapanda, akanyanyua daftari waione nyota yenyewe.

Mlango ukagongwa. Akaingia mjomba, futi ya kupimia shingoni, uzi mweupe kwenye suruali, anahema.

"Samahani sana, mwalimu. Nimefuata kola yangu."

"Kola gani, mzee?"

"Hiyo hapo aliyoinyanyua."

Darasa zima likavunjika mbavu. Mjomba, maskini, alidhani hawajamwelewa, akaanza kueleza. Kuna nesi wa zahanati, mteja wake mgumu kuliko wote, ambaye shingo yake imemsumbua mara tatu mpaka akapata kipimo chake na kukichora kwenye gazeti lile. Nesi huyo leo saa kumi anaonekana kwenye televisheni kuzungumzia chanjo, na gauni limekamilika kasoro kola. "Tumeitafuta mpaka chini ya kitanda. Mama yako ndiye amekumbuka alikuona na gundi. Simu yako umeizima, mwanangu, ningefanyaje?"

Hapo mwalimu akashindwa. Alicheka kicheko kikubwa kisichoendana na kimo chake, akavua miwani akaifuta.

"Keti kidogo, mzee. Amalize kusoma, kisha uondoke na kola yako."

Kasuku akafunua. Ulikuwa ukurasa wa Jumanne, aliouruka alipokuwa akisoma. Angeweza kusema nimemaliza, na nani angejua? Lakini akamwona balozi anamchungulia, anataka kurudi. Akasoma.

"Jumanne nilitazama picha za watu kwa saa mbili. Nilipoinuka nilijiona sina sura, sina nguo, sina pa kwenda. Nikaenda kukaa karakana nisiwe peke yangu. Mjomba alikuwa anampima mteja, hakujua nimeingia. Akamwambia, 'Huyu binti yangu akisoma kitu, hata mimi nisiyesoma naelewa.' Mteja hakuuliza. Ananitangaza tu, bila kuulizwa, kwa watu wasionijua. Simu inaniambia sitoshi. Yeye amenilea tangu nikiwa na miaka sita na hajawahi kuniambia hivyo hata siku moja. Sijawahi kumshukuru. Naona haya."

Msichana wa mbele, mwenye picha za bustani, aliinamisha kichwa.

Mwalimu akachukua kalamu. "Hili ni lako," alisema. "Umefaulu, na vizuri sana." Kisha akauchomoa taratibu ukurasa wenye unajimu na kumpelekea mjomba. "Kola yako, mzee. Nesi anasubiri."

Mjomba aliipokea lakini hakuinuka.

"Hapo pa mwisho," alisema.

"Pamefanya nini?"

"Arudie."

Mwalimu akamgeukia Kasuku. "Umemsikia mzee. Rudia."

Kasuku akarudia, safari hii kwa sauti kubwa, akimtazama mjomba usoni. Mjomba akalia wazi mbele ya vijana arobaini, wala hakujifuta, na nesi akasubiri.