Kifua cha Mama na Dirisha la Rosettenville

Mama alikuja kutoka Morogoro kunitazama katika uzazi wa kwanza, akakuta baridi ya Johannesburg inamsubiri kwangu, mtaa wa Rosettenville. Mume wangu, aliyeishi kwetu Morogoro miaka yote ya ukimbizi hadi kwao Afrika Kusini kulipopata uhuru, alimnunulia hita ya mafuta ya taa. Mama akasema inanuka. Alitaka jiko la mkaa, nikamtafutia madukani Fordsburg. Kila jioni aliliwasha uani, akangoja moshi uishe kabisa na makaa yawe mekundu, ndipo akaliingiza chumbani. Chini ya mlango tulisokomeza matambara.

Haukupita muda akaanza kulalamika kwamba kifua kinambana na kichwa kinazunguka. Nilijua ni moyo, nitamzika ugenini. Hospitali wakampima moyo, wakasema mzima. Wakatafuta vidonda vya tumbo, upungufu wa damu, misuli ya mbavu, hata wakauliza kama ana wasiwasi. Nani asingekuwa nao? Wodini alichangamka, akadai chai. Akirudi kwangu tu, hoi. Nikawa namkanda kifua, nasogeza jiko karibu na kitanda, nalia.

Aliyenikera ni wifi yangu. Kila akija kumjulia hali mgonjwa, huyo moja kwa moja dirishani, analifungua wazi na ubaridi wote ule. Siku moja akaonyesha jiko, akasema kwa Kiswahili alichookoteza kwa kaka yake, "Eish, sisi," yaani dada kwa lugha yao, "hii hapana. Mama, hapana." Nikaona anatudharau na mkaa wetu.

"Huyu anataka nife," Mama akaniambia. Wifi alipotoka nikalifunga dirisha.

Mama akaomba arudi kwao kabla hata mtoto hajatoka arobaini. Alipofika Morogoro, maumivu yakakoma.

Baridi iliyofuata niliwasha jiko lile mimi, kwa ajili ya mtoto. Kifua kikabana, nikaanguka. Wifi ndiye aliyetukuta, akatuburuta wote nje, tukapona. Nesi akanieleza kwamba makaa hata yasipotoa moshi hutoa hewa yenye sumu, na chumba kikifungwa hewa hiyo huingia kwenye damu.

Nilimpigia Mama simu nikamweleza. Akacheka.

"Mkaa? Mimi nimepikia mkaa tangu sijavunja ungo! Hapa ninapoongea nawe maharage yako motoni."

Nikamwambia jiko lake la kwao liko uani, hewa tele. Nikamwambia wifi alikuwa anamwokoa.

"Kumbe na wewe wameshakuchukua, mwanangu," akasema kwa upole, sauti ya mtu anayetoa pole msibani.

Nilibembeleza, mume wangu akabembeleza, wifi mwenyewe akatuma kitenge. Kila jambo tulilofanya lilimthibitishia alichokwisha kukiamini, kwamba wifi alitaka kumuua na sasa ukweni wamenigeuza niwe wao. Nilizaa tena mara mbili. Mama hakuja.