Shangazi Aliyejigeuza Pakiti

“Intaneti yote ya mji huu nitaipitisha ndani ya kompyuta ya mtumba, na nyinyi mtatazama mpira bila picha kuganda. Nikishindwa, narudi kupanda nguzo!”

Maneno hayo Shangazi aliyasema kwenye kipaza sauti, mbele ya wateja mia mbili wenye hasira. Hakuna aliyemlazimisha. Wateja walipiga makofi. Bosi wetu akafumba macho kama abiria aliyesikia breki zimekatika.

Ofisini kila mtu humwita Shangazi, hata mlinzi aliyemzidi miaka kumi. Mwenye haki hasa ni mimi ninayepokea simu za malalamiko, maana yeye ni dada wa baba yangu. Haki hiyo haijawahi kunisaidia kitu. “Undugu uache nyumbani,” aliniambia siku yangu ya kwanza, “hapa njoo na kalamu.”

Kazi aliianzia juu. Juu ya nguzo, namaanisha, na waya begani, miaka kumi na mitatu, mpaka goti la kushoto likagoma. Wengine goti likigoma hukaa wakasimulia. Yeye alichukua vitabu vya maelekezo ambavyo mafundi wetu walivitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo, akavisoma vyote, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka wa pili alikuwa anawasahihisha mafundi. Mimi niliyekaa chuo miaka miwili nikatoka na nusu ya stashahada, naomba nisiulizwe zaidi.

Shida yetu ilikuwa ruta. Ruta ni mashine inayosimama njiapanda ya mtandao na kuiambia kila pakiti, yaani kila kipande kidogo cha picha, sauti au barua, ishike njia ipi. Yetu ilipitisha giga kumi kwa sekunde. Wateja walihitaji arobaini. Simu zangu zililia kama kuku walioona mwewe. Ruta mpya ya ukubwa huo ilikuwa na bei ya kumfanya bosi atafute kiti kwanza. Tena Wakala aliyekuwa akiiuza, kijana wa viatu vyenye ncha, alikuja na mkataba wa miaka mitano, na mkataba ulikuja na mafundi wake wenyewe. Kwa ufupi: ruta ikiingia, Shangazi anatoka.

Naye akaja na hoja yake. Chukua kompyuta moja kubwa iliyotumika, ndani yake uumbe ruta nne za programu tupu, ruta pepe, kila moja ikijiona ina mwili wakati haina hata skrubu. Zigawane kazi. Bosi alimpa mpaka Ijumaa, saa sita mchana. Majaribio yasipofika giga arobaini, anasaini mkataba.

Jumatatu ilifika kumi na tisa. Akabadili mipangilio. Jumanne, kumi na tisa. Jumatano akaziandika upya ruta zote nne. Kumi na tisa. Alhamisi sikumuuliza, nina akili zangu.

Ijumaa saa nne asubuhi Wakala alikuwa ameshakaa mapokezi, mkataba mapajani.

“Pole, mama yangu,” alisema. “Ng’ombe mzima umemla, mkia ndio umekushinda.”

“Kumi na tisa kwa arobaini, mwanangu? Hata nusu ya ng’ombe sijafika. Ndizo hesabu unazouzia ruta hizo?”

Tulicheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa analikanda goti, na mimi nilijua anafikiria nguzo.

Sasa, ana mazoea yake tuliyokuwa tukimteta nayo. Jambo likimshinda kabisa, huichora mashine sakafuni kwa chaki, kisha hujigeuza pakiti na kuitembea safari yake yote kwa miguu. Alimtuma mlinzi dukani akanunue chaki, akasukuma meza za chumba cha mikutano ukutani, akafungua daftari lake, ambamo kila kifaa kimeandikwa kilipofungwa. Upande mmoja wa chumba akachora prosesa ya kwanza, upande wa pili prosesa ya pili, maana kompyuta ile ilikuwa na bongo mbili. Akachora kadi ya mtandao, ndiyo mlango wa kuingilia. Akaanza.

“Mimi ni pakiti. Naingia kwenye kadi, niko kwa prosesa ya pili. Ruta yangu iko wapi? Kwa prosesa ya kwanza. Haya, navuka.” Akavuka chumba. “Nimepewa njia. Natoka. Mlango uko kule kule.” Akavuka tena, akichechemea.

Safari ya saba goti lilikataa. Akaishika meza.

“Shangazi, kaa chini basi.”

“Hebu nyamaza. Kwa nini navuka?”

“Si ndivyo ulivyochora?”

“Ndivyo nilivyofunga! Mlango nimeuweka kwa jirani!”

Kadi alikuwa ameichomeka tundu la pembeni kwa sababu mkono ulifika vizuri, na tundu hilo ni la prosesa ya pili. Ruta zote nne zilikaa kwa ya kwanza. Kwa hiyo kila pakiti, na ni mamilioni kwa sekunde, ilivuka kidaraja chembamba katikati ya bongo hizo mara mbili. Siku nne alikuwa akiirekebisha programu isiyo na kosa.

Mafundi wawili walikuwepo siku ile ya kufunga. Angeweza kuwasukumia lawama, na wangekubali kwa woga. Alikwenda kwa bosi akasema, “Kosa ni la mkono wangu,” akaliandika daftarini, ndipo akashika bisibisi. Akazima kompyuta, akaihamisha kadi matundu mawili kushoto, akaiwasha.

Ishirini na tisa. Thelathini na sita. Saa tano na dakika arobaini, giga arobaini na moja. Bosi alizihesabu tarakimu kwa kidole, mbili tu, lakini alirudia.

Wakala alikuja kuchungulia. Nimpe haki yake: aliruka chaki asiikanyage.

“Mama, njoo ufanye kazi kwetu.”

“Ofisi zenu zina sakafu ya kuchora?”

“Zina zulia.”

“Basi.”

Jioni wateja wote walihamishiwa kwenye ruta pepe, na simu yangu ikanyamaza mpaka nikaipiga mwenyewe kuhakikisha ni nzima. Bosi akamwomba Shangazi aandike gharama zote za kurekebisha mtambo. Aliandika mstari mmoja, kwa kalamu ya risasi.

Boksi moja la chaki nyeupe, shilingi mia tatu.